Damu Ambayo Hatukuifungua

Hainitoki kichwani siku moja ya masika, mwanangu, ukungu wa Masama uliposhuka mpaka chini ya migomba, nikawa natembea pembeni ya mfongo, ule mfereji wa mashambani, nasikia maji yanakwenda lakini siyaoni. Nilikuwa na sanduku la baridi begani, ndani yake damu za watu. Nyuma yangu nikasikia mtu anakuja mbio, anahema, miguu peku inapiga tope. Nitakueleza alikuwa nani. Lakini kwanza kaa vizuri, rudisha hicho kitambulisho chako mfukoni, nimeshakiona na picha umetoka vizuri, sasa kunywa chai kabla haijapoa.

Umeniambia kesho unapanda mlimani kuchukua damu, mnatafuta kwa nini kifua kikuu kinamshika huyu na kumwacha yule. Umenieleza kwa maneno ya chuo, vinasaba na kinga ya mwili, nami nimekaa kimya kama bibi asiyejua kitu. Kazi hiyo niliifanya mimi kabla mama yako hajaolewa. Kompyuta ilikuwa moja tu, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Swali lakini lilikuwa hilo hilo unalokwenda nalo wewe kesho.

Nilikuwa nesi mpya. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa hapa mjini Moshi, na ukimuuliza kabila lake alikuwa anaanza Tanga anamalizia Kondoa. Mama alikuwa Mchagga aliyeshuka kutoka mlimani akaolewa naye, kwa hiyo nilikua nikisoma chuo cha Kurani jioni, na likizo nikienda kwa bibi kukata majani ya ng'ombe. Kichagga changu kilikuwa cha kuchekwa, ila kilitosha kukaribishwa ndani. Ndiyo maana walinichukua kwenye utafiti.

Mkubwa wetu alikuwa mwanamke, Daktari Naima, mwenyeji wa Moroko, huko juu kabisa mwisho wa Afrika. Kwao alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi. Nyumba moja, sufuria moja, blanketi moja, huyu anakohoa damu na mwenzake anapiga mluzi, yeye akitafuta ndani ya damu kitu walichorithi kinachomlinda mmoja. Sasa alitaka kuona kama mlimani kwetu nako ni hivyo hivyo. Alituambia kwao pia kuna milima yenye theluji, nasi tukaitikia kwa adabu bila kumwamini. Alikuwa anasikia baridi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, anafunga kitenge juu ya koti, na ukungu ukifunguka Kibo ikatokea, anaacha sentensi katikati. Tunasimama wote njiani tunatazama mpaka ukungu ufunge tena, kisha anauliza, nilikuwa nasema nini? Hakuna anayekumbuka. Siku hizo nikiziwaza sasa naziona hivyo hivyo, zinafunguka kidogo, zinafunga.

Kosa letu la kwanza lilikuwa neno ndugu. Daktari alilitoa kwenye kamusi, nasi tukaenda nalo nyumba kwa nyumba tukiuliza, una ndugu wangapi? Eh, mwanangu. Mchagga umuulize ana ndugu wangapi! Walikuja watoto wa baba mkubwa, watoto wa mama mdogo, mjomba aliyelingana nao umri, na mzee mmoja akamleta jirani yake kwa sababu walibatizwa siku moja. Ukiuliza baba yao ni nani, wanakuonyesha wanaume watatu, na wote watatu wanaitika. Huku maabara daktari anatazama damu zao anashika kichwa, kwa sababu hawa ndugu hawafanani kabisa. Tulipomweleza alicheka mpaka akakaa chini sakafuni.

Tukabadilisha swali. Tukaanza kuuliza, nani na nani mmezaliwa tumbo moja? Hapo watu walitulia, wakafikiri kidogo, wakajibu sawasawa. Tukafurahi, tukaona sasa mambo yamenyooka.

Kulikuwa na nyumba moja ambayo daktari aliipenda kuliko zote. Mama wa nyumba hiyo nitamwita Mama Anaeli. Mumewe alikuwa amekufa kwa kifua kikuu. Binti yake mkubwa, Anaeli, aliugua akapona kwa shida, na mtoto wa pili, Elinami, alikuwa bado kwenye dawa, amekonda, koti linamning'inia. Kisha kulikuwa na kitinda mimba, nitamwita Ombeni. Huyo ndiye aliyelala chumba kimoja na baba yake mpaka mwisho, akimshika akikohoa, akimwaga makohozi, akimlisha mtori kwa kijiko. Akafanya hivyo hivyo kwa dada, akafanya kwa kaka. Hajawahi kukohoa hata siku moja. Alikuwa kijana mwenye mabega mapana na maneno machache, akicheka anatazama chini.

Unaelewa kwa nini daktari alimtaka. Tumbo moja, nyumba moja, kikombe kimoja, wawili wameugua na mmoja hajaguswa. Alisema amemsubiri mtu kama huyo tangu alipofika Tanzania. Nilipokwenda kuchukua damu zao, Mama Anaeli alikuwa sokoni. Ombeni alikunja shati mwenyewe, akanyoosha mkono, akaniuliza kama damu hiyo itamsaidia Elinami. Nikamwambia leo hapana, labda watoto wa Elinami. Akasema inatosha. Nikachukua, nikaaga, nikaingia kwenye ukungu.

Aliyekuja mbio nyuma yangu alikuwa Mama Anaeli. Amerudi sokoni, ameambiwa, ametupa kikapu cha ndizi uani akanifuata bila viatu. Alikuwa mtu mzima, mimi mtoto kwake, nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Ndipo nikajua kuna jambo.

Akaniuliza, "Binti yangu, hiyo damu ya Ombeni itasema nani kamzaa?"

Nikamwambia, "Itasema, mama."

Akakaa chini, pale pale kwenye nyasi zilizolowa. Nikakaa naye. Akaniambia taratibu, huku akitazama mahali maji yalipokuwa yanalia. Kwamba mimba yake ya mwisho alikwenda kujifungulia tambarare, kwenye zahanati karibu na mashamba ya miwa, kwa kuwa mumewe alikuwa akifanya kazi huko. Mtoto alizaliwa amekufa. Kitanda cha jirani kulikuwa na mwanamke aliyekuja kutafuta vibarua, hana mtu, hana anayejua kwao. Yeye alijifungua salama, na asubuhi akafa. Mtoto wake akalia siku nzima, na maziwa ya Mama Anaeli yakawa yanalowesha nguo. Akamchukua akamnyonyesha, kwanza ili anyamaze. Mumewe alipofika akamkuta na mtoto kifuani, hakuuliza, akatafuta gari wakapanda mlimani. Watu wakapiga vigelegele, wakaleta mbege, mtoto akapewa jina. Wawili ndio walijua, na sasa amebaki mmoja.

Akaendelea, akaniambia anachokiogopa. Kwa mila yetu, mwanangu, nyumba ya mama na kihamba chake, shamba la ukoo, hubaki kwa mtoto wa kiume wa mwisho. Elinami alikuwa ameshakatiwa sehemu yake kule chini, kwa hiyo kihamba kile cha juu, kahawa na migomba na makaburi ya wazee, kilikuwa cha Ombeni. Ng'ambo ya mstari wa isale, mmea tunaopandia mipaka, aliishi mdogo wa marehemu, watoto wakimwita Baba Mdogo. Huyo tangu msiba alikuwa anasema chini chini kwamba kijana hafanani na mtu yeyote wa ukoo. Neno moja kutoka hospitali lingemtosha. Ombeni angetolewa kwenye ardhi aliyoilima na kwenye jina la baba aliyemzika, na akishatolewa, hana mahali duniani pa kwenda, kwa sababu mama aliyemzaa hakuacha hata jina la kijiji chake.

Kisha akainuka, akaenda kwenye mpaka wa shamba, akavunja jani la isale, akaniwekea mkononi. Akasema, "Sema tu ni wa tumbo langu."

Unalijua jani hilo. Mtu akikuletea isale amekuomba kwa namna ambayo huwezi kumwambia hapana, hata kama amemwaga damu ya mtu wako. Bibi yangu alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma. Sasa fikiria mimi, mkono mmoja isale, begani sanduku. Nikisema alivyotaka, daktari atatafuta kwa miaka ndani ya damu ya mama huyo kitu ambacho hakikutoka kwake, na wagonjwa wanasubiri. Nikisema ukweli, kijana amekwisha. Mwenyewe ametoa damu yake kwa moyo mweupe, hajui anachokitoa. Nilitazama maji ya mfongo nikawaza kukitumbukiza kile kichupa, kiende chini na majani. Nilikaa pale mpaka nguo zikalowa, Mama Anaeli amesharudi nyumbani, na sauti ya maji ikawa inanilaza kama mtoto. Nikaamka nikashuka mjini na vichupa vyote.

Nilimkuta daktari maabara, anapasha mikono kwenye kikombe cha chai. Nikamwonyesha kichupa cha Ombeni, nikamwambia hiki naomba kisifunguliwe, na naomba asiniulize kwa nini. Nilitegemea anifokee. Alinitazama, akaliona jani nililokuwa nimelishika bado, limenyauka. Alikuwa ameshakaa mlimani vya kutosha kujua ni jani gani.

Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kamusi, "Amenyonya kwake, huyo mama?"

Machozi yakanitoka. Mwanangu, mimi nilikuwa mtoto wa nyumba ya Kiislamu. Ndugu wa kunyonya nawajua tangu nazaliwa, kwamba mwanamke akikunyonyesha ni mama yako na wanawe ni ndugu zako, hata kuoana hamruhusiwi. Nilikuwa na shangazi wa namna hiyo kabisa, tena tulimpenda kuliko wa damu. Lakini nilipovaa koti jeupe sikuwahi kufikiri kwamba jambo hilo lina kazi maabara. Yeye alikuwa amelibeba kutoka kwao. Akaniambia Moroko walijifunza kuuliza mara mbili, tumbo la nani na maziwa ya nani, na kumuuliza mama peke yake, mbali na watu. Huku kwetu hakuuliza kwa sababu alidhani ni jambo la kwao tu. Akasema, "Kwetu huyo ni mtoto. Damu haijui habari ya kunyonyesha, inabidi sisi tujue."

Halafu akakitoa kichupa cha Ombeni, akakishika kwenye mwanga wa dirisha. Nilimwona anavyokitazama. Ilimuuma, usidhani haikumuuma. Kwa sababu sasa alijua kijana huyo si jibu la swali lake, na kama tungemwingiza bila kujua, angetupoteza sote. Miezi ya kazi kwenye nyumba ile ikawa imepungua nguvu kwa mara moja. Akakipeleka mwenyewe kwenye tanuru la kuchomea taka za hospitali, nikiwa pembeni yake, tukasimama mpaka moshi ukaisha.

Kesho yake alipanda Masama na kitenge chake juu ya koti. Alimwita Ombeni pembeni, akamwambia damu yake haikupimwa na haitapimwa, imechomwa, na kwamba ana haki ya kuuliza kwa nini. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Ombeni alitazama chini, akacheka kidogo kile kicheko chake. Akasema sawa daktari, akachukua panga akaenda kukata majani ya ng'ombe. Hakuuliza siku hiyo, na hakuuliza siku nyingine yoyote.

Ungedhani yameishia hapo. Baada ya muda nilipanda kumpelekea Elinami dawa zake, nikakuta wanaume wa kijiji kwenye msaragambo wa kuzibua mfongo, wamesimama ndani ya maji mpaka magotini, ukungu umewazunguka, majembe yanapanda na kushuka. Ombeni alikuwa katikati yao. Baba Mdogo akaniona. Akaacha jembe, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nesi, mmechukua damu ya nyumba yote ya kaka yangu. Tuambie hapa, huyu kijana ni wetu au si wetu?"

Majembe yakasimama yote. Ombeni aliendelea kushika mpini, macho kwenye maji. Nilijua Mama Anaeli yuko nyuma ya migomba, kwa sababu kuku walikuwa wamekimbia kutoka upande huo. Na mimi, mtoto wa mjini mwenye Kichagga cha kuchekwa, natakiwa kusema neno moja mbele ya wanaume wa ukoo.

Nikamwambia, "Baba, damu ya Ombeni haikufunguliwa. Na hata hizo tulizofungua, tunatafuta kikohozi. Hatutafuti baba wa mtu."

 Kisha mzee wa mfongo, yule anayegawa zamu za maji, akakohoa makusudi, kwa dhihaka. Akamgeukia Baba Mdogo akamuuliza, wewe mwaka ule ulipolala huwezi kusimama, na sisi ndugu zako wote tunaogopa kikohozi chako, aliyekubeba mgongoni mpaka zahanati alikuwa mtoto wa nani? Hakuna aliyecheka. Baba Mdogo alitazama majembe ya wenzake, akatazama mabega ya Ombeni, yale yaliyombeba.  Akainama akaokota jembe, akasema, "Mtoto wa kaka." Akaanza kuchimba, na wengine wote wakaanza. Nikapita pembeni yao na dawa zangu, na nyuma ya migomba nikasikia mwanamke analia taratibu kama anayeimba.

Elinami alipona. Daktari Naima alimaliza muda wake akarudi kwao, na siku ya kuondoka Kibo ilikuwa wazi kabisa, akasema sasa mtaamini kwamba na kwetu theluji iko. Utafiti uliendelea na watu wengine. Walipata walichopata, na mengine bado yanatafutwa, ndiyo maana na wewe umepata kazi. Mama Anaeli alikufa akiwa mzee sana. Nilipanda kumzika. Ombeni ndiye aliyetangulia kumwaga udongo, mahali pa mtoto wa nyumba, na Baba Mdogo alisimama karibu naye amemshika bega. Tulipokuwa tunatawanyika, Ombeni alinifuata na mche wa isale umefungwa kwenye jani la mgomba. Akasema mama alimwagiza, kuna jani lako hapa kwetu, dada, nikupe na mzizi wake. Sikumuuliza anajua nini. Nimeupanda hapa Rau, ndio huo ulioegemezea baiskeli yako, uiondoe kabla hujaondoka.

Sasa sikiliza ninachotaka kukuambia, maana chai imekwisha na najua umeanza kutazama simu. Kesho ukifika kwenye nyumba za watu, usiulize kwa haraka. Mama muulize peke yake, na umuulize mara mbili, kama Daktari Naima alivyotufundisha. Anayekupa mkono wake umchome sindano amekupa zaidi ya damu, amekupa wazee wake na watoto wake ambao hawapo pale kukataa. Ukisikia jambo ambalo hukulitafuta, usilibebe mpaka kwenye chai ya wenzako. Wala usiseme uongo ili kazi ipendeze. Ukiona ukweli utamvunja mtu na uongo utaivunja kazi, nenda kwa mkubwa wako ukasimame hapo useme kimoja hiki kisifunguliwe. Kama ni mkubwa wa kweli ataelewa. Kama haelewi, rudi hapa tutafute kazi nyingine, mimi bado nina watu.

Najua utaniuliza ni nyumba ipi. Nimekuona unahesabu kichwani. Anaeli si jina lake, Ombeni si jina lake, na nimesema Masama kwa sababu Masama ni jina zuri kulitamka. Huenda ni Kibosho. Huenda ni Rombo, juu ya Tarakea. Jani lile nililipokea kwa mkono wangu, na hata leo bado nimelishika. Yeye yuko hai, ni mzee sasa, ana kahawa yake na wajukuu, na pengine kesho utapita kwake atakukaribisha ndizi. Kwa hiyo kila mzee utakayemkuta mlimani mwamkie shikamoo kama ndiye yeye.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe mkono mwepesi wa sindano na mdomo mzito wa siri za watu. Ukungu ukufungulie njia ukipanda, na ukishuka uwakute watu wote uliowaacha bado ni wa nyumba zao. Amina.